Sabuni Chapa Sikuombi

Kambi ya Wakimbizi Dzaleka,
Dowa, Malawi.
18 Agosti 2002

Mpendwa mdogo wangu Patient,

Pokea salamu zetu nyingi, zenye vumbi kidogo, maana huu ni mwezi wa upepo na hapa hata chai tunainywa na mchanga wake. Je, hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Na hiyo baridi ya Kanada imekuachia masikio? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa asubuhi, lakini akianza kugombana na mtu kikohozi kinakwisha, kwa hiyo tunahakikisha kila siku hakosi wa kugombana naye. Njaa ya mwanzo wa mwaka imepita. Mahindi mapya yametoka na sasa tunakula nsima, huo ugali wa huku, tukashiba.

Barua yako tuliipata baada ya kimya kirefu, hata tulishaanza kudhani theluji imekumeza. Ilisomwa kama barua zinavyosomwa hapa: watu wote uani, Ketsia anasoma, Mama kwenye kigoda chake mbele kabisa. Ukaandika kwamba kazi yako ni kuosha mbwa katika duka la kuwatengeneza mbwa nywele. Halafu, mstari unaofuata, ukaandika, “Tafadhali dada, hapo usimsomee Mama.” Ndugu yangu, wewe umesoma, ulikuwa mwalimu! Onyo huwekwa kabla ya shimo, haliwekwi ndani ya shimo.

Mama alisogeza kigoda chake karibu zaidi. Kisha akamwuliza Ketsia, “Banaosha mbwa na maji ya moto?”

“Njo vile, bibi.”

“Na sabuni ya kunukia? Na banamupangusa na taulo?”

“Njo vile.”

“Basi munitie mi pia kwa liste ya ile mbwa. Maji ya moto, mi nilisahau tangu tulitokaka kule Baraka.”

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Lakini mwisho wa barua haukutuchekesha. Ulisema ulikaa kimya miezi yote hiyo kwa sababu ya haya, kwamba ulikuwa unangoja upate kwanza kazi inayofaa kuandikwa kwenye barua. Maneno hayo yaliniuma, Patient. Mama aliomba yasomwe tena, kisha akaingia ndani.

Basi na mimi nikuandikie habari za mbwa wa huku, ujue hauko peke yako. Na ndani yake kuna habari ya mpwa wako Ketsia, kubwa kuliko mbwa wote, kwa hiyo usiruke mistari kama unavyofanya.

Unawakumbuka mbwa wa Baba kule milimani Fizi. Mbwa alikuwa mfanyakazi. Siku ya kuwinda alifungwa kengele ya mti shingoni, jioni alipewa mfupa, akalala nje, na hakuna aliyemwuliza kama amelala vizuri. Ila alikuwa na kazi ya pili, ya kubeba maneno. Lile usiloweza kumwambia jirani usoni ulimpa mbwa liwe jina lake, kisha kila jioni ukasimama mlangoni ukamwita mbwa wako. Nani atakushtaki kwa kumwita mbwa wako? Baba alimwita mbwa wake Watachoka, na yule jirani aliyekuwa akitusema alichoka kweli, akahamia huko chini ziwani.

Shemeji yako Sylvain mila hiyo hakuiacha Fizi. Viti tuliviacha, mbuzi tuliwaacha, picha za harusi tuliziacha, lakini hiyo alivuka nayo ziwa.

Baada ya wewe kuondoka, nyumba ya jirani waliingia Warundi. Baba mwenye nyumba anaitwa Nahayo, fundi wa baiskeli, mtu mrefu, mkali wa maneno lakini mwenye mikono mizuri. Sylvain wakati huo alikuwa ameanza kupika sabuni, ile ya mafuta na majani ya mwarobaini, na hatukuwa na chombo. Akaenda kwa Nahayo kuomba sufuria yao kubwa. Wakampa kwa moyo safi. Aliirudisha imesuguliwa inang'aa, lakini sufuria nayo ina kumbukumbu. Mke wa Nahayo akapikia maharage ya wageni wa kanisa. Maharage yakatoa povu.

Kesho yake Nahayo alisema kisimani, mbele ya wanawake wote na ndoo zao, “Hawa Bakongomani ni batu ba ajabu. Banaomba sufuria, banarudisha sabuni.”

Wewe unamjua Sylvain. Mtu anaweza kumpiga kofi akasamehe, lakini umwite mwombaji, hapo umegusa kidonda. Alikuwa na duka lake kule kwetu Mboko, watu walimwomba yeye. Hakujibu neno. Akatafuta pipa lake mwenyewe, na alipokwenda mjini, Mtandire, kutafuta kibarua akarudi na mtoto wa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jioni ile ile akasimama karibu na ua wa Nahayo, akapaza sauti kama shemasi: “Sikuombi! Sikuombi, kuya kula!”

Nilidhani yamekwisha hapo. Kumbe Warundi nao mila hiyo wanayo, tena wanayo barabara. Haikupita muda Nahayo naye akapata mbwa, jike jeupe lenye haya, akampa jina Nani Alikuita.

Tangu siku hiyo, kila jua likielekea kuzama, ua mmoja ulipiga kelele “Sikuombi!” na wa pili ukajibu “Nani Alikuita!” Wazee wenyewe walipishana njiani bila salamu, mbwa ndio waliosemezana. Wakimbizi wapya waliofika mtaani kwetu walidhani ni utaratibu wa usalama, na mmoja alikuja kuniuliza kama naye anatakiwa kuita.

Ila kuna jambo wazee hawakulitazama. Mbwa wakigoma kurudi, nani alitumwa kuwafuata? Huku alitumwa Ketsia, na kule alitumwa Alexis, mtoto mkubwa wa Nahayo, anayefundisha kwaya. Mbwa wakacheza, watoto wakangoja mbwa wamalize kucheza. Na mbwa, mdogo wangu, walikuwa hawamalizi upesi.

Sasa nikutoe kambini kidogo nikupeleke Lilongwe. Sylvain alikuwa akiuza sabuni yake soko la Tsoka, Old Town, vipande vitupu bila karatasi, na watu wakawa wanapita tu. Akazunguka maduka ya Wahindi kutazama vitu vinavyonunuliwa vimevaa nini. Akaona kiberiti kina picha ya mnyama, na ndani hakuna mnyama. Majani ya chai yana picha ya ndege, na ndani hakuna ndege. Akaelewa kwamba biashara ni picha.

Katika duka moja aliona mfuko mkubwa wenye picha ya mbwa anayecheka, meno meupe kuliko ya mchungaji wetu. Akauliza kama ni nyama ya mbwa. Mwenye duka akamwambia hapana, ni chakula cha mbwa, kuna watu wanakuja na gari kukichukua. Ilikuwa ile miezi ya njaa, na sisi hapa tulikuwa tunapika uji wa pumba. Siku hiyo Sylvain alirudi nyumbani akakaa akimtazama Sikuombi, na Sikuombi akimtazama yeye, wote wawili mbavu nje. Nililia kidogo jikoni, nisikufiche.

Lakini shemeji yako hakai na huzuni mpaka asubuhi. Alisema kama mbwa anaweza kuuza mfuko wa namna ile, basi na huyu wetu afanye kazi. Akamtafuta kijana anayechora mabango ya vinyozi, wakamkalisha Sikuombi kwenye gunia, na picha ikachongwa kwenye kipande cha mti cha kupigia muhuri. Karatasi zikatoka safi: mbwa wa kahawia, sikio moja juu na moja chini, na chini yake SABUNI SIKUOMBI. Sylvain alisema ni chapa ya heshima, ya mtu anayejitegemea. Nilimwuliza kama ana uhakika. Akasema mimi sijui commerce.

Alipopanga mzigo Tsoka, wanawake wa soko walikusanyika wakaangua kicheko. “Sopo wa agalu! Sopo wa agalu!” Yaani sabuni ya mbwa. Mwenzangu alikuwa ameusahau ule mfuko aliouona mwenyewe: mjini, picha ya mbwa ikiwa juu, mlaji ni mbwa. Alijieleza kwa Kichewa chake cha kuokoteza mpaka jasho likamtoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kushikana mabega kwa kucheka.

Ndipo akapita mlinzi wa nyumba moja kubwa ya matajiri. Bosi wake alikuwa na mbwa wawili wenye viroboto, na sabuni yao ya kawaida ilikuwa imekwisha. Akachukua kipande, akasema zikomo, yaani asante, akaenda. Juma lililofuata akarudi na walinzi wenzake. Mwarobaini ule ulikuwa umewafukuza viroboto wote! Baadaye yule yule mwenye duka la mifuko ya chakula cha mbwa akataka mzigo, akaweka na sharti: picha isibadilike, na jina lisibadilike, kwa sababu walinzi wameshalishika.

Kwa hiyo, Patient, wewe unaosha mbwa Kanada na shemeji yako anawapikia sabuni Malawi. Siku za mwanzo naye aliona haya kama wewe. Alikuwa akifunga mzigo kwa kanga ili watu wa kambi wasione picha. Mama ndiye aliyemtoa haya. Alimwambia, “Mubaba, ile sabuni inatulisha. Mbwa wa baba yenu alituleteaka nyama, ule anatuletea bunga. Wapi haya?”

Sasa sogea karibu, habari yenyewe ndiyo hii. Alexis alitaka kumchumbia Ketsia. Alifanya kwa adabu, akamtuma mchungaji. Ketsia alipoulizwa kama anamjua kijana huyo aliinamisha kichwa, akasema wamewahi kukutana kwa ajili ya mbwa.

Mimi nilifurahi, Mama alipiga kigelegele mpaka akakohoa. Lakini wazee! Nahayo alisema yuko tayari, ila hawezi kuingia na ujumbe wake kuomba mke katika nyumba ambayo mbwa wake kila jioni anamwambia sikuombi. Sylvain abadilishe jina kwanza. Sylvain naye akasema hawezi kupokea wageni wanaofuga Nani Alikuita. Wabadilishe wao kwanza. Na zaidi ya hapo, mdogo wangu, hata angetaka asingeweza, jina liko kwenye karatasi, karatasi ziko dukani Old Town, na sisi tunakula kwa karatasi hizo.

Mchungaji alikwenda na kurudi mpaka viatu vikamlilia. Alexis aliwahi kujaribu kumwita mbwa wetu Simba, taratibu, na kipande cha samaki mkononi. Sikuombi alikula samaki akaenda zake. Ketsia alianza kukonda. Akawa anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na jioni wazee wakianza kuita mbwa aliziba masikio. Nilimwogopea mtoto wangu. Tumekimbia vita vya wakubwa, tumevuka ziwa na nchi za watu, halafu binti akose mume kwa sababu ya maharage yaliyotoa povu?

Wakati wazee wanavutana, Nani Alikuita akashika mimba. Baba wa watoto hatukuhitaji kumtafuta. Na siku ya kuzaa, yule jike alipenya ua, akaingia kwenye kibanda chetu cha sabuni, penye majivu ya moto, akazaa watoto wanne nyuma ya pipa. Watatu walikuwa na sikio moja juu na moja chini.

Jioni Nahayo akatoka kumwita mbwa wake kama kawaida. “Nani Alikuita!” Mbwa hakutokea. Akaita tena. Kutoka kibandani kwetu tukasikia sauti ndogo za watoto wa mbwa, na mtaa mzima, uliokuwa umesimama unasikiliza, ukaanza kucheka. Mbwa wake alikuwa amekwenda mwenyewe mahali asipoitwa, na bwana wake ndiye anayemwuliza mbele ya watu.

Asubuhi Nahayo akaja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita mlango wa ua wetu tangu habari ya sufuria. Mama alikuwa ameamka kabla yake, ameweka kigoda chake katikati ya mlango wa kibanda, amekaa na fimbo mapajani kama askari wa mpakani. Sylvain alisimama pembeni akijifanya anakata sabuni.

“Mama, amahoro. Nimekuja kutwaa mbwa wangu.”

“Karibu, muzee. Mbwa gani? Utaye jina yake.”

Patient, mtu mwenye heshima hawezi kusimama mbele ya mama mzee, nyumbani kwake, akamtazama usoni na kusema “Nani Alikuita.” Nahayo alitazama viatu vyake. Akasema, “Ule... mweupe.”

“Ule mweupe,” Mama akasema. “Eeh. Sasa kumbe iko na jina ya muzuri.”

Kisha akamgeukia mkwewe. “Na we Sylvain, kwetu mwenye mbwa dume anapewa katoto kamoja. Unataka?”

“Ninataka, Mama.”

“Lakini batoto ni ba mwenye jike. Hakapatikane na franga, hakapatikane na nguvu. Basi, omba.”

Kisu cha kukatia sabuni kikasimama. Nilitaka kumsaidia shemeji yako, nikajizuia. Ndani ya nyumba Ketsia alikuwa amesimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vyake vya miguu chini ya kitambaa, vimejikunja.

“Mzee Nahayo,” Sylvain akasema. Akafuta mikono kwenye suruali. “Nakuomba.”

Nahayo hakucheka, namshukuru Mungu kwa hilo. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Kamata kale unapenda. Na mimi pia niko na yangu ya kuomba hapa kwako. Lakini hiyo si ya mbwa.”

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, nadhani ilikuwa sinia. Mama akaondoa kigoda mlangoni, akasema sasa wanaweza kuingia kuwaona watoto.

Basi ujumbe ulikuja Jumapili iliyopita na ukapokelewa. Tulipika maharage, tena katika sufuria ile ile ya Nahayo, aliileta mwenyewe kwa baiskeli. Hayakutoa povu. Majina ya mbwa hayakubadilishwa, wazee wamekubaliana yabaki, ila wanaitwa kwa sauti ya chini, na sasa Nahayo ndiye anayepeleka sabuni Old Town kwa baiskeli zake. Ukiwasikia wanavyobishana bei ya karatasi utadhani walizaliwa nyumba moja.

Yule mtoto wa mbwa, alipoacha kunyonya, Sylvain alimpa Mama, kama asante. Mama alimpokea, akampakata, akasema ndiye atakayempa jina na mtu asimfundishe. Unajua mbwa kwetu huitwa jina la kumsema mtu. Nilihofia amepata jirani mwingine wa kugombana naye. Jioni akasimama mlangoni, hakutazama kwa Nahayo wala kwa mtu yeyote wa hapa. Alitazama huko barabara inakotokea, njia uliyoondokea, akaita kwa nguvu zake zote zilizobaki: “Andika Tu! Andika Tu!”

Kila jioni anaita hivyo. Mbwa anakuja mbio, anakula, analala miguuni kwake, na Mama bado amesimama. Hataki kazi ya kuandikwa kwenye barua, Patient. Anataka barua.

Na ujue harusi haina siku. Nahayo ameuliza, na Mama amemjibu mbele ya wazee kwamba binti hatoki hapa bila neno la mjomba wake, hata kama mjomba anaosha mbwa, hata angekuwa anaosha punda. Ketsia ndiye aliyenitafutia karatasi hii na kalamu, na sasa hivi amekaa mbele yangu ananingoja nimalize aikimbize posta.

Nimekutia humu karatasi moja ya sabuni. Mwonyeshe bosi wako, mwambie huyo mwenye sikio lililolala ni wa kwetu.

Sylvain anakusalimu na kukuita sasa collègue, mwenzake wa kazi. Nahayo na Alexis wanakusalimu ingawa hamjaonana. Ketsia anakuamkia kwa magoti mawili. Mama anasema yeye salamu yake unaisikia kila jioni. Mungu aliyekuvusha bahari akulinde mikono, hiyo hiyo iliyoshika chaki na sasa inashika mbwa, na kwa mikono hiyo akupe riziki.

Mimi dada yako nikupendaye hata ukinyamaza,

Béatrice